Jinsi ya kupima kama imani za jamii ya kubuni kuhusu mito na misitu ni dini

Umesoma riwaya, au unaandika ya kwako, na ndani yake ipo jamii isiyo na hekalu wala kitabu kitakatifu. Watu wake huzungumza na mto. Kuna mti hawaukati hata wakikosa kuni. Wakiua mnyama humfunika macho kwa jani kabla ya kumchuna. Ndipo linapozuka swali ambalo huzua mabishano makali kati ya wasomaji: hiyo ni dini, ni mila tu, au ni ujuzi wa mazingira uliovikwa hadithi?

Jibu lipo, ila halipatikani kwa kuhesabu miungu. Wengi huanzia hapo, na wakikosa mungu mwenye jina hufunga daftari. Jibu liko kwenye matendo, hasa yale ambayo watu huyafanya wakati maumbile hayawapi chochote na hakuna anayewaona. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyatafuta matendo hayo, kuyapima, na kuandika hukumu unayoweza kuitetea mbele ya msomaji mkali.

Lisafishe kwanza neno "dini"

Neno dini tulilipata kutoka Kiarabu, nalo lilikuja na picha yake kichwani mwa msemaji: ufunuo, kitabu, nyumba ya ibada, mtu kuingia na mtu kutoka. Pembeni yake Kiswahili kina imani, itikadi, ibada, mila, jadi, tambiko, mwiko, kafara, mzimu. Kwa mazoea hayo, tukiona jambo lisilo na kitabu tunalisukuma upande wa mila papo hapo, hata kama ndilo linalowaliwaza wafiwa, linalowafunga watu kwa kiapo na linalowaamsha usiku wa manane kuomba. Hapo msamiati umeshaamua kabla ya msomaji kufikiri.

Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari andika sentensi moja inayosema utalitumia neno dini kwa maana gani. Huna haja ya kuitunga mwenyewe. Edward Tylor, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, mwaka 1871 aliiweka dini kwenye kuamini kuwapo kwa viumbe wa kiroho. Fasili hiyo ni fupi na inashikika, lakini inawaacha nje watu ambao kwao maumbile hayana roho yenye nafsi, ila yana pumzi au utaratibu unaopita katika kila kitu. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, mwaka 1912 alisema ni imani na matendo yanayohusu vitu vitakatifu, yaani vilivyotengwa na kuwekewa miiko, ambayo huwaunganisha wanaoyashika kuwa jumuiya moja ya kimaadili. Hapo roho si sharti. Ninian Smart, mtaalamu wa masomo ya dini, alichagua njia nyingine: alitaja nyanja za kuchunguza, sita mwaka 1969 na baadaye akaongeza ya saba. Nyanja hizo ni ibada, masimulizi, mafundisho, maadili, hisia za kiroho, jumuiya, na vitu pamoja na mahali.

Ushauri wetu ni huu: Durkheim awe mlango, Smart awe mizani, Tylor abaki maelezo ya pembeni. Ukimfanya Tylor kuwa mlango utaona dini kila palipo na mzuka, na utaupita bila kuuona utakatifu usio na sura.

Kusanya ushahidi kabla ya kusema lolote

Soma kazi nzima mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji wa kawaida. Mara ya pili soma ukiwa na penseli, na daftari lako liwe na safu nne: tendo lenyewe, wenyeji wanasema nini kulihusu, wageni au maadui wanasema nini, msimulizi anasema nini. Kwa kila tendo andika nani alilifanya, wapi, lini, kwa kutumia kitu gani, na nini hutokea lisipofanyika. Weka namba ya ukurasa. Kama ni filamu, andika dakika. Kama ni mchezo wa kompyuta, andika hatua ya mchezo, maana bila hivyo hutaweza kurudi kuhakiki.

Lenga matendo kumi na mawili au zaidi. Yakiwa chini ya matano, kazi yenyewe haijakupa nyenzo za kutosha, na jambo la haki ni kusema hivyo waziwazi badala ya kujaza pengo kwa mawazo yako.

Safu ya tatu ndiyo yenye hatari. Jamii za kubuni mara nyingi huletwa kwetu kupitia macho ya mgeni: askari, mfanyabiashara, mtafiti aliyepotea njia. Mgeni akisema "hawa wanaabudu miti", umejua jambo moja tu, nalo ni namna mgeni anavyofikiri. Hata swali lake lina nguvu ya kuzaa jibu. Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1971, anasimulia jinsi mapadri wa Kitaliano mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, hivyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakasema hawajui. Walipobanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima akipatwa na kifua kikuu cha mgongo hupinda, kana kwamba amefinyangwa upya, na anayefanya hivyo ni Rubanga. Jina la roho inayopinda migongo likaondoka pale likiwa jina la Muumba.

Basi ukikuta ukurasa ambapo mgeni anauliza "mungu wenu ni nani?" na mwenyeji anatoa jina, weka alama pembeni. Tafuta kama jina hilo linatajwa mahali pengine mgeni akiwa hayupo. Lisipotajwa, usilijengee hoja.

Anayesoma au kuandika kwa Kiswahili ana chombo cha ziada ambacho wengi hukisahau: upatanisho wa kisarufi. Kwa kawaida "mto umefurika". Mwandishi akiandika "Mto amekasirika", amemtoa kwenye ngeli ya U-I na kumpeleka A-WA, kwenye kundi la wenye nafsi. Fuatilia ni nani anayesema hivyo. Ni wazee peke yao? Ni kila mtu, hata mtoto anayechota maji? Ni wakati wa ibada tu, halafu wakirudi nyumbani mto unakuwa "umejaa" kama mto mwingine wowote? Kubadilika huko ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu mara nyingi mwandishi hulifanya bila kukusudia kukuonyesha.

Usiishie hapo, hata hivyo. Katika lugha ya Waojibwe wa Amerika Kaskazini, mawe yamo kwenye kundi la kisarufi la vitu vyenye uhai. Mwanaanthropolojia Irving Hallowell, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kwamba alimuuliza mzee mmoja kama mawe yote yaliyowazunguka yako hai. Mzee akafikiri sana, kisha akajibu kwamba hapana, ila baadhi yako hai. Sarufi ilifungua mlango. Jiwe lipi liko hai lilijulikana kwa yaliyowahi kutokea kati ya jiwe hilo na watu. Na kama unasoma tafsiri, kumbuka kwamba huenda ni mfasiri aliyechagua kati ya "umekasirika" na "amekasirika", wala si mwandishi.

Tendo moja kwa karibu

Tubuni jamii kwa ajili ya somo hili. Tuwaite Watu wa Mkondo, wavuvi wa kando ya mto mpana. Kila asubuhi mvuvi humrudisha majini samaki wa kwanza. Mchambuzi mwenye haraka huandika "sadaka" na kugeuza ukurasa. Bado hajaona kitu.

Angalia mikono. Mvuvi huilowesha kwanza, ndipo amguse samaki. Humshika kichwa kikielekea mkondo unakotoka, husubiri matamvua yafunguke na kufunga mara tatu, kisha huachia vidole bila kusukuma. Yote hayo yana sababu za kawaida. Mkono mkavu humvua samaki ute unaoikinga ngozi yake, na akielekezwa dhidi ya mkondo maji hupita kwenye matamvua na kumrudishia pumzi. Hadi hapo unachokiona ni ufundi mzuri wa uvuvi. Mtu anayejali samaki wasiishe angefanya vivyo hivyo.

Sasa endelea kusoma. Siku mvuvi anapopata samaki mmoja tu, na nyumbani kuna njaa, bado anamrudisha. Siku nyingine samaki wa kwanza ametoka wavuni akiwa ameshakufa. Mvuvi analowesha mikono, anamwelekeza kichwa juu ya mkondo, anasubiri kwa muda uleule ambao matamvua yangefunguka mara tatu, kisha anaachia. Mzoga unaenda na maji.

Samaki mfu ndiye anayetoa jibu. Kumrudisha hakuongezi samaki mtoni, hakumfaidishi mvuvi, na hakuna aliyesimama ufukweni kumtazama. Sababu zote za kawaida zimekwisha, na tendo bado limesimama. Tutaliita hili *ziada*, na ndilo unalolitafuta katika kila ukurasa.

Namna ya kuitafuta ziada

Chukua orodha yako ya matendo. Mbele ya kila tendo andika faida ya kawaida inayoonekana kwenye hadithi yenyewe: chakula, usalama, amani na majirani, kukwepa adhabu ya mtawala, sifa mbele za watu. Kisha uliza: faida hiyo ikiondolewa, je, tendo linaendelea? Mwandishi makini huwa ameshakuwekea tukio linaloiondoa, kama lile la samaki mfu. Hadithi isipokuwa na tukio kama hilo, angalia dalili tatu: tendo linafanywa kwa hasara, linafanywa kwa siri, au linamwacha mtu na shukrani au aibu inayoelekezwa kwa kisicho binadamu.

Kuna namna mbili za kuharibu hatua hii. Ya kwanza ni kudhani kwamba tendo lenye faida haliwezi kuwa takatifu. Linaweza, msitu usiokatwa hulinda chemchemi na pia huweza kuwa makazi ya wafu, na mtu mmoja akayashika yote mawili bila mgongano. Ya pili ni ulafi wa kuondoa faida. Ukitaka, kila ibada duniani unaweza kuieleza kwa "umoja wa jamii" na kubaki na sifuri. Ondoa faida ambazo watu wenyewe wanazitambua au matukio yanazionyesha. Nadharia zako ziache nje ya hesabu.

Mahali pazuri pa kuiona ziada ni pale mtu anapokosea. Mtu amekata mti wa kwenye chemchemi. Akiamriwa apande miti kumi na alipe faini, una sheria ya mazingira. Akitakiwa akae nje ya kijiji, asile chombo kimoja na wenzake, aoshwe kabla ya kurudi, una uchafu unaohitaji kutakaswa, na hapo mti ulikuwa zaidi ya mti. Tafuta hasa makosa ya bahati mbaya. Sheria kwa kawaida humhurumia asiyekusudia. Utakatifu mara nyingi hudai takaso hata kwa aliyejikwaa gizani. Mti ukiwa ulikuwa umeshakauka, na bado anatakaswa, ushahidi unazidi kukaza.

Kuhusu jumuiya hakuna mengi: hakikisha imani imevuka vizazi visivyopungua viwili ndani ya hadithi, yupo aliyefundishwa na yupo anayefundisha. Mhusika mmoja anayeupenda msitu kwa moyo wake wote ana maisha ya kiroho, lakini peke yake hajawa dini ya watu.

Kama roho za msitu zipo kweli ndani ya hadithi

Hapa ndipo uchambuzi mwingi huvunjika. Katika hadithi za kubuni mti unaweza kujibu kwa sauti, mizizi inaweza kutunza kumbukumbu za waliokufa, na mtafiti akaja na chombo chake akapima yote hayo. Kisha hutolewa hoja inayoonekana kuwa na nguvu: watu hawa hawaamini, wanajua, na kinachojulikana ni elimu, kwa hiyo hawana dini.

Hoja hiyo ina kasoro mbili. Inadhani kwamba dini inahitaji shaka, wakati waumini wengi wa kweli, ukiwauliza, watakwambia wanajua. Tena inachanganya kuwapo kwa kitu na msimamo wa watu mbele yake. Jua lipo. Wamisri wa kale waliomwabudu Ra na Wainka waliomwabudu Inti hawakuhitaji imani ili kujua kwamba jua linachomoza. Ibada yao ilikuwa kwenye namna walivyosimama mbele ya jua, walichomdai na walichojidai wenyewe. Vivyo hivyo msitu wa kubuni ukithibitika kuwa na akili, umejibu swali la elimu ya viumbe. Swali letu bado liko mezani.

Tumia jaribio la kubadilisha. Toa roho ya msitu, weka mahali pake mfalme jirani mwenye nguvu zilezile: anaweza kuwapa mvua, anaweza kuwanyima, anasikia wanachosema. Je, watu wangefanya yaleyale? Zawadi za kila msimu, ndiyo, hiyo ni kodi. Kuomba ruhusa kabla ya kuwinda, ndiyo, hayo ni makubaliano ya mpaka. Kumwogopa akikasirika, ndiyo. Yote yanayobaki sawasawa baada ya kubadilisha ni diplomasia, na jamii inayoishi na roho kwa diplomasia tupu haijafikia kwenye dini, hata kama roho zimejaa kila kichaka. Kisha angalia yale yasiyokubali kuhamishiwa kwa mfalme. Je, wangemletea mfalme jirani mtoto mchanga ili amtazame kabla hajapewa jina? Wangenong'onezea ukuta wa kasri lake siri wasizowaambia wake zao na waume zao? Wangejiona wachafu kwa kumfikiria vibaya? Kama majibu ni hapana, na kwa msitu wanafanya hayo, basi una kitu ambacho neno diplomasia haliwezi kukibeba.

Elimu na imani pia hukaa nyumba moja kuliko tunavyodhani. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, akiandika mwaka 1937 kuhusu Waazande wa Afrika ya Kati, alitoa mfano wa ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake kukimbia jua. Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke wakati huu, juu ya watu hawa. Peleka mfano huo kwenye hadithi yako. Jamii inaweza kujua kwa undani jinsi mizizi inavyopeleka maji, na bado mti ukimwangukia mtoto ikauliza: kwa nini huyu, kwa nini leo? Kila unapolikuta swali hilo, angalia ni nani anayetakiwa kulijibu na kwa tendo gani. Mara nyingi utakuta mlango wa ibada hapohapo.

Tahadhari moja upande wa pili: kitu kuwa na nafsi hakukifanyi kitakatifu moja kwa moja. Nyuzilandi ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoutambua mto Whanganui kuwa mtu mbele ya sheria. Kwa mwanasheria wa mbali hiyo ni hadhi ya kisheria. Kwa Wamaori wa Whanganui mto huo ni jamaa na mhenga, na ulikuwa hivyo muda mrefu kabla ya bunge. Nafsi na utakatifu ni mistari miwili. Hadithi nyingi huikutanisha, ila usiichukulie kuwa mmoja.

Weka kwenye mizani

Baada ya kupita mlangoni, pima kwa nyanja saba za Smart. Toa alama 0, 1 au 2 kwa kila moja, jumla iwe 14. Alama hizi ni njia yetu ya kufanyia kazi na hazitoki kwake. Faida yake ni kukulazimisha uangalie pale ambapo hukutaka kuangalia.

Watu wa Mkondo, tukiwaongezea mambo machache ya kubuni: ibada 2, kwa samaki wa kwanza na mkesha wa mwezi wa maji meupe. Masimulizi 2, kwani wanasimulia mto kuwa bibi mkuu aliyechoka kutembea akalala. Mafundisho 0, ukiwauliza mto ni nini hasa, wazee wawili watakupa majibu matatu na hakuna atakayejali. Maadili 1. Hisia za kiroho 2, ule ukimya wa wavuvi mpaka mtumbwi uguse ukingo. Jumuiya 1: hakuna makuhani, ila mwanamke mkubwa wa kila nyumba ndiye anayefungua msimu. Vitu na mahali 1, jiwe la kwenye kivuko. Jumla 9.

Majirani zao wa chini ya mto, tuwaite Watu wa Ukingo, huachia kila samaki aliye chini ya shibiri moja, hufunga uvuvi wakati wa kutaga, na huimba nyimbo nzuri kuhusu mto. Ibada 0, masimulizi 1, mafundisho 0, maadili 2, hisia 1, jumuiya 2, vitu na mahali 0. Jumla 6. Ujuzi wao wa samaki usiuhesabu kama mafundisho. Ni ujuzi, na una heshima yake.

Tofauti ya alama tatu isikudanganye. Kilichowatenganisha ni sifuri ya ibada. Ibada na jumuiya ndizo nyanja nzito, na sifuri kwenye mojawapo ni vigumu kufidiwa na kwingine. Sifuri ya mafundisho, kwa upande wake, haina uzito huo. Huko Japani watu wengi husema hawana dini na bado mwaka mpya huwakuta kwenye mahekalu ya Shinto; neno *shukyo* lenyewe lilianza kutumika kwa maana ya dini katika karne ya 19, lilipohitajika kutafsiri neno la watu wa Magharibi. Kwa hiyo "hawana neno la dini" na "hawana mafundisho" ni maelezo ya kuandika kwenye daftari, na hayatoshi kufunga kesi.

Makosa mengine yanayoharibu kazi

Kusema "wameungana na maumbile". Sentensi hiyo haina kitu ndani yake. Maumbile yapi? Mamba pia ni maumbile, na mafuriko, na kupe. Jamii inayouheshimu msitu hukata miti kila siku; inajua upi ukatwe, nani akate na aseme nini. Ukishindwa kutaja kinachokatwa, hujaielewa imani yao.

Kutaka wote waamini sawa. Wazee wakibishana kama mto unasikia usiku, usione umeharibikiwa. Watu hawabishani hivyo kuhusu mapambo.

Kutenganisha uganga na dini kwa kisu, kana kwamba mtu anayeomba mvua hawezi kuwa yuleyule anayetibu homa.

Na kosa linalotuuma zaidi: kulitoa neno dini kama zawadi au kulinyima kama adhabu. Wapo wanaowanyima watu wa msituni kwa kuwaona washenzi. Wapo wanaowanyima kwa kuwaona bora mno, "hii ni zaidi ya dini". Wote wameacha kupima. Dini inaweza kuwa katili, yenye upendeleo, yenye kuchosha. Ukiona imani ya kubuni inamdhulumu mtu, usiipunguzie alama kwa hilo.

Ukiwa wewe ndiye mwandishi

Ukiitaka jamii yako iwe na dini ya kweli ya maumbile, anza na matendo matatu ya viwango tofauti: moja la kila siku, moja la msimu, moja la mara moja maishani. Kila moja ligharimu kitu: muda, chakula, starehe, au nafasi ya kushinda vita. Weka mwiko mmoja ambao wenyewe wanabishania. Weka mhusika mmoja mvivu, asiyefikiri sana kuhusu roho, anayefuata kwa sababu mama yake alifuata. Amua mwaka wa njaa huruhusu nini, maana kila mwiko wa watu wenye akili una mlango wa dharura, na mlango huo una mlinzi wake.

Usimfanye mwenyeji amweleze mwenyeji mwenzake. Hakuna mvuvi anayemwambia mvuvi "kama ujuavyo, sisi humrudisha samaki wa kwanza". Anamrudisha tu, na mwenzake anangoja bila kuinua kichwa. Kisha jaribu kuifuta imani yote kwenye muswada: soma matukio makuu bila hiyo. Kama hakuna uamuzi hata mmoja uliobadilika, hakuna safari iliyochelewa, hakuna ndoa iliyovunjika, imani uliyoiandika ni nakshi ya ukutani. Ipeleke mahali ambapo itamkwamisha mtu.

Kuandika hukumu

Sentensi nne zinatosha. Ya kwanza itaje maana ya dini uliyotumia. Ya pili itaje tendo moja au mawili yenye ziada, pamoja na ukurasa. Ya tatu itaje ushahidi unaokwenda kinyume nawe. Ya nne itoe jina la unachokiona: dini, sehemu ya dini pana zaidi ambayo hadithi haijaionyesha yote, maadili ya mazingira, au diplomasia na viumbe wenye nguvu.

Kwa Watu wa Mkondo ingesomeka hivi: "Kwa dini tunamaanisha matendo na imani kuhusu vitu vilivyotengwa, vinavyoifunga jumuiya kimaadili. Mvuvi humrudisha samaki wa kwanza hata akiwa amekufa na hata nyumbani kukiwa na njaa, na hufanya hivyo bila kuonwa. Hawana makuhani wala mafundisho ya pamoja, na sehemu kubwa ya utaratibu wao ina faida ya wazi kwa uvuvi. Hata hivyo hii ni dini, ndogo kwa taasisi na nzito kwa ibada."

Chini yake andika umesoma toleo gani, juzuu ngapi au vipindi vingapi. Kazi ikiwa bado inaendelea, acha mistari mitatu mitupu, kwa sababu juzuu ijayo inaweza kumleta mvuvi anayemla samaki wa kwanza, na utahitaji nafasi ya kuandika wenzake walimfanya nini.